Kikapu cha Mwalimu wa Baiolojia

Kila mwaka, majuma machache kabla ya mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, mimi hushindwa kununua hata kitunguu kwa amani. Mji mzima wa Mpanda huwa macho kwenye kikapu changu. Nikigusa kiazi, kuna mwanafunzi upande wa pili wa soko anaandika kiazi. Nikiuliza tu bei ya nyanya, bila kununua, jioni mtaa mzima wa Nsemulwa unasoma nyanya.

Sababu yenyewe ni rahisi. Pepa ya vitendo ya Baiolojia haifanywi kwa kalamu peke yake, lazima kuwe na vitu mezani. Shule huletewa bahasha mapema yenye maelekezo ya siri: tafuta hiki, changanya na kile, tia kwenye chupa, andika herufi. Anayeandaa ni mwalimu wa somo, na mwalimu wa somo hana shamba la siri wala duka la siri. Ananunua kulekule wanakonunua mama zao. Basi wanafunzi ambao darasani huwezi kuwaamsha hata kwa kengele, majuma hayo hugeuka wapelelezi.

Mwaka mmoja mwanangu wa mwisho aliumwa akawa hataki kula chochote ila mayai. Nikanunua trei nzima. Kesho yake darasa zima likawa linaniuliza habari za protini, hata wale wa nyuma ambao nilikuwa sijawahi kusikia sauti zao. Pepa ilipokuja lilikuwa ua la bamia na mbegu ya mahindi. Kuna mzazi mmoja aliacha kunisalimia mpaka Pasaka, kana kwamba nilimdanganya mwanawe kwa makusudi.

Mimi si mtu mvumilivu. Nakiri mapema, ili msije mkanishangaa mbele ya safari. Nina hasira za karibu na mdomo mwepesi, na kitu kinachonishinda kabisa duniani ni kusubiri huku watu wananitazama. Majuma yale silali vizuri, chakula hakishuki, namgombeza mume wangu kwa kuacha mlango wazi.

Mwaka ninaotaka kuusimulia, darasani kwangu alikuwepo binti mmoja mkubwa kuliko wenzake. Aliacha shule akiwa kidato cha pili kwa sababu ya ujauzito, akazaa, akakaa kwao Ugalla, kisha mabinti wa namna yake waliporuhusiwa kurudi, akarudi. Wenzake walimwita Mama Mkubwa. Aliitikia bila kununa, wakati mwingine akiwafunga vifungo vya mashati kama kweli ni wanawe. Aliishi Nsemulwa kwa mama yake mdogo, na baada ya masomo alikaa kwenye meza ya mama huyo sokoni, akiuza karanga na asali. Asali ilitoka kwa babu yake, mrina asali wa misitu ya Ugalla, aliyetundika mizinga tangu ujana wake.

Alitaka kuwa nesi. Alilisema waziwazi, bila ile aibu ya wasichana ya kutazama chini. Alijifungua kwenye zahanati yenye nesi mmoja tu, na nesi huyo alimshika mkono kutwa nzima, akimwacha kidogo kwenda kwa wagonjwa wengine na kurudi kuushika tena. Palepale akaamua. Chuo cha uuguzi kinataka ufaulu Baiolojia, na Baiolojia ndiyo iliyokuwa ikimwangusha, hasa vitendo.

Mama yake mdogo alinivuta pembeni siku moja, akiwa anapepeta karanga.

"Mwalimu, nikuambie kabisa," alisema. "Huyu akifeli safari hii anarudi Ugalla. Kuna mwanaume ameshaleta maneno, na wazee wameshayasikia. Mimi nina watoto wangu, siwezi kumsomesha mara mbili."

Nikamwambia atafaulu. Nilisema kama watu wanavyosema "Mungu ni mwema", bila kuwa na la kuongeza.

Sasa niseme jambo ambalo walimu huliongelea chumbani kwao tu, mlango ukiwa umefungwa. Vitendo vingi nilivifundisha kwa chaki. Maabara tulikuwa nayo, na meza ndefu, na masinki ambayo mabomba yake yalikohoa tu hewa. Dawa ndizo zilizokosekana. Unapata chupa moja ya kila aina, na darasa limejaa mpaka dirishani. Kwa hiyo nilichora jedwali ubaoni. Wanga, ukiudondoshea ayodini, hugeuka bluu nyeusi. Protini, ukiitia soda kali kisha matone ya kopa salfeti, hutoa zambarau. Sukari rahisi, ukiichanganya na ile dawa ya bluu na kuichemsha, hupita kijani, ikapita njano, ikaishia rangi ya matofali. Wakaimba jedwali hilo kwa Kiingereza, lugha ambayo si yao wala yangu, kama litania ya kanisani: mimi nataja dawa, wao wanaitikia rangi.

Na nikawafundisha kanuni mbili. Ya kwanza niliitoa siku ya kwanza kabisa: maabara hakuna kuonja. Hata maji. Hata ukiambiwa ni uji. Ya pili niliitoa kila mtihani ulipokaribia, tena kwa sauti kubwa: "Dawa zetu za zamani. Ikitokea imeisha nguvu, rangi isipotoka, nyie msishangae shangae. Andikeni inayotakiwa. Anayesahihisha hakuoni wewe, anaona karatasi." Nikimaliza naongeza, "Asiyesikia la mkuu?" na wao wanajibu, "Huvunjika guu!"

Siku moja, katikati ya litania, binti yule akanyoosha mkono.

"Madam, hiyo rangi ya matofali, ni matofali gani? Ya kuchoma au mabichi?"

Darasa likacheka. Mimi nikamwambia aandike, aache kunipotezea muda. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani nikapita kwenye tanuru la matofali, lile ambalo hulipita kila siku. Nikasimama. Yaliyokuwa juu yalikuwa na rangi ya udongo. Ya katikati mekundu. Ya karibu na moto yalikuwa meusi kabisa. Nikakaa pale nikiyatazama, hasira inanipanda, na nilijua haikuwa hasira ya kumkasirikia yeye. Miaka yote ile nilikuwa nawaimbisha watoto rangi ambayo hawakuwahi kuiona, na hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Kesho yake nikapita kwenye meza ya mama yake mdogo kununua asali. Pale wana desturi yao: kabla hujanunua, unapewa kijiti safi kilichochovywa asalini, unaonja. Binti akaninyooshea.

"Onja kwanza, madam."

"Sina muda. Nipimie."

"Babu anasema asali hainunuliwi kwa kuambiwa."

"Nipimie, mwanangu." Akanipimia. Nilikuwa mteja wao wa siku nyingi na sikuwahi kuonja hata mara moja. Nilikuwa na haraka zangu.

Shuleni nikatoa chupa ya dawa ya bluu, iliyokuwa imebaki kidogo chini. Nikayeyusha asali kwenye maji, nikachanganya, nikawasha taa ya spiriti. Wakasongamana mpaka nikawa nasikia pumzi zao shingoni. Bluu ikawa kijani. Kijani kikawa njano. Kisha, taratibu, ikaja ile nyekundu nzito, ikatuama chini ya testi tyubu.

"Kumbe ni ya kuchoma," binti akasema. "Yale ya katikati ya tanuru."

Nikawaeleza, na siku ile nilieleza vizuri kuliko siku zote. Kwamba mwili wa ng'ombe wa Wasukuma wanaopita na mifugo, mpunga wa Mpimbwe, samaki wetu migebuka wa ziwani na sisi wenyewe, wote tumejengwa kwa vitu vichache vilevile: kaboni, haidrojeni, oksijeni, na naitrojeni ukifika kwenye protini. Kinachotofautiana ni namna vinavyoungana. Kwamba sukari ya dukani ni sukari mbili rahisi zilizoshikana, na zikishikana hivyo dawa ya bluu haizioni. Ndani ya asali mna sukari zilezile mbili, ila nyuki ameshazitenganisha kwa mate yake kabla hajazitia kwenye sega.

"Kwa hiyo sukari ya dukani ukiipima, itabaki bluu?" akauliza.

"Itabaki bluu. Mpaka uichemshe na asidi kwanza, uipoze, uue ukali wa asidi kwa soda, halafu ndiyo upime tena. Hapo itageuka."

"Kwa hiyo asidi inafanya kazi ya nyuki."

"Ndiyo."

"Tuone, madam."

Nikaigeuza chupa juu chini. Haikutoka hata tone. "Imeisha," nikasema, "nyie jueni tu hivyo." Wakaenda kuandika.

Bahasha ilikuja baada ya hapo. Mkuu wa shule aliniita ofisini, akafunga mlango, nikasoma mbele yake. Mchanganyiko K: ute mweupe wa yai uliopigwa katika maji, na sukari ya mezani iyeyushwe humo. Basi. Mayai na sukari. Nilitoka ofisini nikahisi kila anayenitazama anayaona mayai usoni kwangu.

Sukari haikuwa tatizo, ilikuwa kwenye kopo jikoni kwangu. Mayai ndiyo yaliyoninyima raha. Kwa historia yangu na yale mayai ya mtoto, ningenunua yai moja tu Mpanda, hata la kuchemsha pale stendi, ningekuwa nimeipigia pepa kipaza sauti. Nikaanza kuikwepa njia ya sokoni. Nikapita nyuma, kwenye vichochoro vya mafundi baiskeli, nikaruka mtaro, nikararua sketi. Kwa mara ya kwanza tangu nihamie mji huu, siku zikapita sijasimama kwenye meza ya asali.

Siku ya nne binti akaja chumba cha walimu. Nilikuwa peke yangu.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Mbona hupiti mezani? Asali imekukosea nini?"

Masikio yangu yakawaka moto. Nikasema nina asali nyingi nyumbani. Hakuondoka. Alisimama akikunja ncha ya sweta.

"Madam, sikuombi jibu. Naomba uniambie tu nisisome nini. Mambo ni mengi, na mtoto ananisumbua, na mama mdogo ameshasema..."

"Toka!" nilipiga kelele. "Toka nje kabla sijakupeleka kwa mkuu! Unataka nifukuzwe kazi?"

Akatoka. Nikabaki nimeshika ukingo wa meza. Nilichokuwa nimesema kilikuwa sahihi, na namna nilivyokisema ilikuwa mbaya. Sikumwita. Nilijiambia nitamwita baada ya mtihani.

Jumamosi nikapanda basi la Karema, kwetu. Safari yote ile, vumbi na mashimo, kwa ajili ya mayai. Mama yangu alinipokea kwa furaha mpaka nilipomwambia nilichofuata, akakaa chini.

"Mayai? Mpanda kuku wameacha kutaga?"

"Mama, nipe mayai, usiniulize."

"Una mimba?"

"Mama, kwa umri huu?"

"Basi mumeo kafanya nini?"

Sikuweza kumwambia, maana mama yangu anakwenda jumuiya ya kanisa kila wiki, na huko kuna shangazi wa watu wa Mpanda. Akanipa mayai ya kuku wake wa kienyeji huku akinitazama kama mgonjwa. Nikayapanga kwenye ndoo ndani ya pumba za mpunga, na juu yake nikatandika migebuka wakavu, ili mtu akitazama aone samaki tu. Usiku ule mama alisali rozari kwa nia ambayo hakuitaja.

Jumapili nikarudi, ndoo mapajani. Basi halijafika mbali nasikia, "Madam! Shikamoo madam!" Nageuka: mama wa mwanafunzi wangu, viti viwili nyuma. Macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwenye ndoo, kwenye mikia ya migebuka iliyochomoza. Akatoa simu yake, akaanza kuandika.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Jumatatu asubuhi kidato cha nne kizima kilikuwa kinasoma samaki. Mapezi, magamba, mashavu ya kupumulia. Kuna mmoja alikuja na mgebuka mzima kwenye mfuko wa kaki, ananiomba nimsaidie kuchora. Ningecheka, lakini nilikuwa nimechoka, na niliwaonea huruma. Binti yule peke yake hakuwa na samaki. Alikaa pembeni akisoma daftari lake kwa utulivu wa mtu anayejua. Hilo lilinitia wasiwasi kuliko samaki wote wale.

Siku ya pepa nikafika mapema, nikapiga ute wa mayai ya mama, nikachuja, nikayeyusha sukari kutoka kwenye kopo langu, nikagawa kwenye vichupa, nikaandika K. Dawa mpya zilikuwa zimeletwa kwa ajili ya mtihani, nzima kabisa, na bluu ile ilikuwa imekolea. Nilizipima zote kabla hawajaingia, zikafanya kazi. Msimamizi alitoka shule nyingine. Mimi sikuruhusiwa kuwakaribia, kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye mlango wa stoo ya maabara, kitu kikimwagika nilete kingine. Nikasimama pale, mikono nyuma.

Binti alikuwa meza ya mbele. Akaanza kwa mpangilio: ayodini, ikabaki na rangi yake ya kahawia, hakuna wanga. Akaandika. Soda kali na kopa salfeti, zambarau ikatoka safi. Akaandika. Kisha akachukua dawa ya bluu, na nikaona anatabasamu. Akachanganya, akaweka juu ya moto. Akasubiri.

Yai likaganda ukungu mweupe, kama linavyofanya likipata joto. Bluu ikabaki bluu, ikielekea zambarau kwa mbali.

Tabasamu likamtoka. Akaitoa, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akairudisha motoni. Nikatazama meza nyingine. Wote walikuwa wamefika pale pale. Na hapo nikaona kitu ambacho sitakisahau: mkono mmoja baada ya mwingine ukaacha testi tyubu, ukachukua kalamu, ukaandika haraka, bila mwenye mkono kuitazama tena ile testi tyubu. Nilijua wanaandika nini. Nilikuwa nimewafundisha mwenyewe. Walikuwa na dawa nzima mbele yao, inawaambia ukweli, na wao wanaandika matofali. Nilitaka kupiga kelele, "Tazameni!" na nisingeweza hata kukohoa.

Binti naye akaandika. Nilimwona. Nikafumba macho, nikamwona anapanda gari la Ugalla na mtoto mgongoni.

Nilipofumbua, kalamu ilikuwa imelala mezani na yeye anaitazama chupa ya K. Msimamizi alikuwa anatembea kuelekea nyuma, akiwa ametupa mgongo. Binti akachovya ncha ya kidole kwenye kile kichupa, akaitia mdomoni.

Nilijua mna nini mle: yai la mama yangu na sukari ya kopo langu. Lakini yeye hakujua. Ingeweza kuwa chochote. Akafumba macho, midomo ikijikunja kidogo, kama anavyofanya kule mezani akionja asali mpya kutoka kwa babu yake. Kisha akafumbua, akaikata kwa mstari mmoja ile sentensi aliyokuwa ameandika, akavuta chupa ya asidi.

Akachemsha na asidi. Akapoza kwenye maji. Akatia soda kidogo kidogo. Dawa ya bluu. Moto. Msimamizi akarudi mbele, akasimama kando yake, na kwa wakati ule tulikuwa watu watatu tunaitazama testi tyubu moja. Kijani. Njano. Kisha matofali ya katikati ya tanuru.

Pepa ilipoisha wengine walinizunguka uwanjani, "Madam, samaki yuko wapi?" Nikawaambia waende nyumbani. Sauti yangu ilikuwa kali, nao hawakujua kwa nini.

Kesho yake jioni nikapita sokoni waziwazi, katikati ya njia, kikapu wazi. Nikasimama kwenye meza ya asali. Mama mdogo hakuwepo. Nikaanza na nilichokiweza, yaani kugomba.

"Wewe una akili? Nani alikutuma kuonja? Kama ingekuwa sumu? Kama ingekuwa asidi, ulimi huo ungekuwa nao leo?"

Akainama. "Nisamehe, madam. Niliona umeniona."

"Kwa nini ulionja?"

Akaanza kupanga chupa ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Ulipoacha kununua asali nikajua ni asali. Nikasema madam anaogopa tusimwone. Kwa hiyo mimi nilisoma asali tu, sukari rahisi, mwanzo mpaka mwisho. Sasa ilipobaki bluu nikasema dawa imeisha nguvu. Nikafanya ulivyotuambia. Nikaandika nyekundu."

"Halafu?"

"Roho ikakataa. Nikasema ngoja nionje, asali naijua. Ilikuwa tamu, madam, lakini tamu tupu, kama chai. Asali ina mti ndani yake. Nikajua hapa nyuki hajapita. Ndiyo nikachukua asidi."

Nilikuwa nimeikwepa meza yake kwa siku kadhaa ili nisimwambie kitu, na kule kukwepa ndiko kulikomwambia uongo. Nikauliza, ingawa jibu nililijua, "Na wenzako?"

"Wengi waliandika nyekundu." Akanitazama, bila lawama yoyote, na afadhali angenilaumu. "Si ulituambia wewe, madam."

Nikamwomba msamaha. Siyo kwa kupiga kelele siku ile peke yake. Akashtuka, maana mwalimu haombi msamaha kwa mwanafunzi, akasema "Hapana, madam, hapana," na kwa kutojua afanye nini akachovya kijiti kwenye asali, akaninyooshea. Nikaonja. Ni kweli, ina mti ndani yake. Nililia pale pale sokoni, mbele ya watu wa Mpanda na macho yao yote, na wala sijui siku ile waliandika nini.

Matokeo yalipotoka, alifaulu. Sasa yuko chuo, mtoto yuko kwa mama yake mdogo, na yule mwanaume wa Ugalla ameshaoa kwingine. Wengi wa wenzake somo langu liliwaangusha. Nilisoma orodha ile ubaoni, mstari kwa mstari, na kila mahali nilipoona wamefeli nilijua ni sauti ya nani iliyowaambia waandike.

Kanuni ya kwanza bado naitoa siku ya kwanza, na nikimwona mtu anaonja namtoa nje, maana siku nyingine itakuwa asidi kweli. Ya pili sijaitamka tena, na ile methali nimeiacha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tulikuwa tukiimba. Yeye hakunisikia, akapita. Waliovunjika ni walionisikia.